Gari lisimame, ndipo anyonye

Swali: Mtoto wangu ana miezi minne na ananyonya maziwa yangu tu. Mwezi ujao tunasafiri kwa gari letu, mimi, mume wangu na yeye, na ramani inasema ni mwendo wa saa 10. Mama mkwe anasema nimpakate tu na kumnyonyesha njiani kama walivyofanya wao, tutafika mapema. Dada yangu ananishauri nimpe dawa kidogo ya mafua ili alale. Mimi naogopa joto, naogopa kilio, na matiti yangu hujaa haraka. Nifanyeje? Nimzoeze chupa? Nimpe maji?

Jibu:

Mama, nianze na ushauri wa mama mkwe, kwa sababu ndio wenye hatari kubwa kuliko yote uliyoyaandika, na kwa sababu najua si rahisi kumkatalia mtu mzima aliyelea watoto wakakua. Gari likitembea, mtoto hapakatwi na hanyonyeshwi. Hata barabara ikiwa nzuri. Hata dereva akiwa makini. Hata zikiwa zimebaki kilomita mbili na mtoto analia.

Hesabu yake ni hii. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, laweza kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika muda huo, mtoto wa kilo 7 huchomoka kwenda mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 100. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kuzuia mzigo huo ukija ghafla, hata angempenda mtoto namna gani. Na hizo ni kilomita 50 tu. Kwenye barabara kuu mtakwenda kasi zaidi. Wengine hujifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto kifuani. Hiyo ni mbaya zaidi, maana mwili wa mama ndio utakaomkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Kuna akina mama wanaotafuta njia ya katikati: mtoto anabaki kwenye kiti chake, mama anafungua mkanda wake, anainama juu ya kiti na kumpa titi. Katika kazi yangu ya ukunga nimeulizwa hili mara nyingi, na jibu langu ni lile lile. Breki ikikanyagwa, mama asiye na mkanda anamwangukia mwanawe. Na hata pasipo breki, titi lililoning'inia juu ya uso wa mtoto aliyeegemea linaweza kumziba pua, naye amefungwa, hana nafasi ya kujivuta nyuma. Chupa nayo isitumike mwendoni. Gari likiruka kwenye tuta, maziwa yanaweza kuingia njia ya hewa, na mtoto aliyefungwa mikanda hainuliwi haraka.

Kwa mama mkwe unaweza kusema kwa heshima kwamba wao walitumia walichokuwa nacho, na leo kipo kiti cha kumlinda mjukuu wake. Mwonyeshe namna anavyofungwa. Bibi akishaona mikanda ilivyomshika mtoto vizuri, mara nyingi huwa wa kwanza kuikagua.

Sasa safari yenyewe. Usiipange kwa kilomita, ipange kwa vipindi vya kunyonya. Mtoto wa umri huo kwa kawaida hutaka titi kila baada ya saa mbili au tatu mchana. Upande mwingine, ushauri wa wataalamu wa usalama ni kwamba mtoto mchanga asikae kwenye kiti cha gari zaidi ya saa 2 mfululizo. Dereva naye anatakiwa kupumzika angalau dakika 15 kila baada ya saa 2. Na wewe mwenyewe unahitaji kunyoosha miguu na kupunguza matiti kwa vipindi hivyo hivyo. Ukiviangalia vyote pamoja utaona jambo la kutuliza moyo: mnahitaji kusimama wote watatu, na saa yenu ni moja. Mtoto hawacheleweshi. Hata kama asingekuwepo, mume wako angepaswa kusimama.

Kwa hiyo zile saa 10 za ramani zigawe vipande vitano vya saa mbili mbili. Katikati yake mnapata vituo vinne, na kila kimoja kipe dakika 40, kwa sababu kumnyonyesha mtoto, kumbadilisha nepi na kumcheulisha hakumaliziki kwa dakika 15. Hapo tayari ni saa 12 na dakika 40. Ongeza kituo kimoja au viwili ambavyo hamkuvipanga, mtafika kwenye saa 13 na zaidi. Ukiniuliza mimi, huo ni mwendo mrefu mno kwa siku moja. Kama mna namna yoyote ya kulala njiani, igaweni safari siku mbili. Baba wa mtoto wa miezi minne mara nyingi naye haupati usingizi wake kamili, na uchunguzi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 huendesha vibaya kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazikiruhusu. Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, hasa usiku wa mwisho, apewe nafasi ya kulala chumba kingine kama kipo. Wapo wanaopenda kuondoka usiku ili mtoto alale njia nzima. Mtoto atalala, lakini na dereva naye atasinzia. Bora alfajiri, baada ya usingizi.

Pengine unajiuliza hizo saa 2 za mtoto zinatoka wapi. Mtoto aliyelala akiwa ameegemea, kidevu hushuka kuelekea kifuani, na njia yake ya hewa, ambayo bado ni laini na nyembamba, hujikunja kama mrija uliopindwa. Mwaka 2016 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwaweka watoto wachanga kwenye kiti cha gari kilichotikiswa kama kilicho barabarani, wakapima kwa nusu saa. Mapigo ya moyo na pumzi viliongezeka, na oksijeni kwenye damu ikapungua kuliko walipolala bapa. Watoto hao walikuwa wadogo kuliko wako, baadhi yao njiti, na ndiyo maana kwa mtoto wa wiki chache tunashauri vipande vya dakika 30 hivi. Kwa wako saa mbili zinatosha kuwa mpaka. Usikiogope kiti chenyewe. Ndani ya gari linalotembea hakuna mahali salama zaidi ya hapo. Hatari ni kukigeuza kitanda: mmefika, mtoto kalala, mnambeba na kiti chake mnamweka sebuleni aendelee kulala. Hapo ndipo vifo vingi vya watoto kwenye viti hivi vimetokea, nje ya gari, mikanda ikiwa imelegezwa na hakuna anayetazama.

Kiti kikague leo, usisubiri asubuhi ya safari. Kifungwe siti ya nyuma ya gari, na mtoto atazame nyuma. Kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana unapofumka humpiga mtoto kichwani kupitia mgongo wa kiti. Kishike pale mkanda wa gari unapopita na ukitikise: kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, hakijakazwa. Halafu mweke mtoto. Makalio yasukume hadi nyuma kabisa, pasibaki uwazi chini yake, kwa sababu uwazi huo ndio unaomfanya ateleze na kukunja shingo. Mikanda itoke kwenye tundu lililo sawa na mabega yake au chini kidogo, ilale bapa bila kujisokota. Funga, vuta hadi ikaze, kisha fanya jaribio hili: kwenye mfupa wa mtulinga, shika mkanda kwa kidole gumba na cha shahada, ujaribu kuubana upate mkunjo. Vidole vikikamata mkunjo, mkanda umelegea, vuta tena. Vidole vikiteleza vikatoka mikono mitupu, umekaa sawa. Jaribio hili lirudie kila kituo, maana kila mara unapomtoa na kumrudisha mikanda hubadilika.

Asivalishwe koti nene wala kufungwa blanketi ndani ya mikanda. Nguo nene huacha nafasi usiyoiona, na siku ya ajali hugandamizwa, mkanda unabaki mlegevu. Mvalishe nguo nyepesi, mfunge, kisha mfunike juu ya mikanda kama kuna baridi. Mito ya shingo na vikalio vinavyouzwa kando, ambavyo havikuja na kiti, viache. Vingi humsukuma kichwa mbele, na hicho ndicho tunachokiepuka.

Kabla ya kuondoka mnyonyeshe matiti yote mawili, taratibu, hadi aachie mwenyewe. Ukimnyonyesha nusu huku mumeo amekwisha kuwasha injini, ndani ya dakika 40 mtasimama.

Njiani wewe kaa nyuma, kando yake. Utaziona dalili za njaa kabla hazijawa kilio: anageuza kichwa huku na huku, analamba midomo, anapeleka ngumi mdomoni. Ukiziona mwambie dereva, naye aanze kutafuta mahali pa kusimama. Mtoto aliyekwisha kulia kwa hasira huchukua muda mrefu kushika titi, humeza hewa nyingi, na dakika mlizodhani mmeziokoa zinaishia hapo. Kama saa mbili zimekwisha na yeye bado kalala, simameni hata hivyo. Wazazi wengi husema acha alale tukate kilomita, na nawaelewa, lakini mgongo na mapafu yake havijui kwamba ninyi mna haraka.

Mahali pa kusimama pawe nje kabisa ya barabara, si kwenye ukingo wa lami ambako magari yanapita yakitikisa gari lenu. Injini izimwe. Kaeni pale penye kivuli, mfungue milango ya upande usio na magari ili hewa ipite. Wewe nyonyesha ukiwa siti ya nyuma, mgongo umeegemea, mguu mmoja umeukunja au umeweka begi chini ya mkono ili usimwinamie. Unayemwinamia mtoto kwa saa nzima kwa siku moja utafika na shingo iliyokakamaa. Utaratibu unaofaa ni huu: titi la kwanza, kisha nepi, kisha titi la pili. Kumbadilisha nepi katikati humwamsha yule anayesinzia baada ya kunyonya kidogo, na titi la pili analinyonya kwa bidii. Akimaliza, mcheulishe, kisha mshike wima begani dakika 10 hadi 15 huku mkitembea kwa miguu. Usimfunge kwenye kiti tumbo likiwa limetoka kujaa. Kile kiti humkunja kiunoni, na nepi iliyobana huongeza, maziwa yakapanda. Watu wakiona anatapika husema gari linamsumbua, lakini watoto walio chini ya miaka 2 ni nadra kupata kichefuchefu cha safari. Mara nyingi ni shibe iliyobanwa.

Na zile dakika zinazobaki kabla ya kuondoka, mtandikie kitambaa mahali tambarare, mlaze chali, arushe miguu. Hayo ndiyo mapumziko yake.

Jambo la umri wa mwanao: kuanzia mwezi wa nne hivi mtoto hugundua dunia. Anashika titi, anasikia mlango, anageuka kutazama titi likiwa bado mdomoni. Kwenye kituo chenye watu na kelele anaweza kunyonya dakika tatu akakataa. Usidhani maziwa yamekwisha. Rudi naye ndani ya gari, mgeuzie uso upande usio na watu, jifunike kitambaa chepesi begani, na umpe muda. Akikataa kabisa, usipigane naye. Mtajaribu kituo kinachofuata mapema zaidi.

Sasa matiti yako, maana umeandika kwa mstari mmoja tu na najua ni zaidi ya hapo. Titi lisilonyonywa kwa muda hujaa likawa gumu, na chuchu hulala bapa kiasi kwamba mtoto anashindwa kushika vizuri. Hapo anateleza, analia, anavuta, anakuumiza. Isitoshe, ukimsikia analia nyuma ya mikanda maziwa yatashuka yenyewe, kwa hiyo vaa ndani ya sidiria vitambaa vya kufyonza maziwa na weka blauzi ya akiba karibu, si chini kabisa ya mizigo. Sidiria isiwe ya kubana. Mkanda wa gari upite katikati ya matiti, si juu ya titi, na sehemu ya chini ikae kwenye nyonga. Hata ukikuuma, usiupitishe chini ya kwapa.

Likijaa kabla ya kituo, au mtoto akinyonya upande mmoja tu, kamua kidogo kwa mkono. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, umbali wa kama sentimita 3 kutoka kwenye chuchu, mkono ukiwa na umbo la herufi C. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane vidole, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, maana kuchua ngozi kunauma na hakutoi kitu. Mara chache za mwanzo hazitoki hata tone. Endelea, dakika moja au mbili, yatachuruzika, kisha yatarusha. Zungusha mkono kupata kila upande. Kamua hadi titi lilegee na chuchu itoke, basi. Ukimwaga lote, mwili utadhani mtoto ameongeza mahitaji na utatengeneza zaidi, na kesho utateseka zaidi. Ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu, ya moto na inauma, na mwili unatetemeka kwa homa, usiache kunyonyesha upande huo. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto. Lakini usiifumbie macho: isipopungua ndani ya saa 24, au homa ikiwa kali, tafuta kituo cha afya hata kama hamjafika.

Na miguu yako. Ujauzito na uzazi hufanya damu igande kwa urahisi zaidi, hatari ambayo ni kubwa zaidi katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua na hupungua taratibu baada ya hapo. Kukaa kwenye gari zaidi ya saa 4 bila kuinuka huiongeza. Wewe umeshavuka wiki hizo, lakini kama ulijifungua kwa upasuaji, au wewe au ndugu wa damu amewahi kupata damu kuganda, zungumza na daktari kabla ya safari. Kila kituo tembea dakika tano, siyo kubadilisha siti tu. Ndani ya gari kunja na kunjua vifundo vya miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, au ukapata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, hapo ni hospitali mara moja. Kunywa maji. Nawajua akina mama wanaokataa kunywa ili wasiombe kusimama. Matokeo yake ni kichwa kuuma na uchovu, na mnasimama vile vile.

Mtoto, kwa upande wake, asipewe maji. Hata joto likiwa kali. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 87, na tafiti zilizofanywa kwenye nchi za joto zimeonyesha kwamba mtoto anayenyonya kila anapotaka hapungukiwi maji mwilini. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji. Figo za mtoto huyu bado ni changa. Maji mengi hupunguza chumvi kwenye damu yake na yanaweza kuleta degedege, na hata machache hujaza tumbo dogo kwa kitu kisicho na lishe. Siku ya joto atataka titi mara nyingi zaidi, pengine kwa dakika chache chache. Mpe. Kipimo chako ni nepi: sita zilizolowa vizuri ndani ya saa 24, mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu. Nepi zikipungua sana, mkojo ukiwa wa rangi nzito, mdomo mkavu, utosi umedidimia, au mtoto amelegea na haamki kunyonya, hapo msisubiri kufika.

Joto lenyewe lipunguze kwa njia nyingine. Poozeni gari kabla hajaingia. Gusa kwa kiganja vyuma na vifungo vya mikanda, kwani vikikaa juani huunguza ngozi. Weka kizuia jua kwenye kioo cha dirisha, lakini usitupie khanga wala blanketi juu ya kiti chake, maana hewa haipiti na ndani huwa tanuri. Mikono na miguu ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa na joto, kwa hiyo pima kwa kugusa nyuma ya shingo au kifua. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo. Na asiachwe ndani ya gari peke yake hata dakika ya kwenda msalani. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nje kukiwa na nyuzi 22 tu za Selsiasi, hali ya kawaida ya kupendeza, ndani ya gari lililofungwa joto lilifika nyuzi 47 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko ilitokea nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia. Mwili wa mtoto hupanda joto haraka mara kadhaa kuliko wetu.

Kuhusu chupa: huna haja nayo. Utakuwa naye njia nzima, na titi halihitaji kuoshwa, kuchemshwa wala kupashwa moto. Nina sababu nyingine pia. Chupa ikiwa karibu, wakati wa kilio kuna atakayesema mpe tu, tusisimame. Ila kama una sababu yako ya kubeba maziwa uliyokamua, yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na gari la mchana mara nyingi huzidi hapo. Kwenye boksi la kutunzia baridi lenye pakiti za barafu zinazogusa chupa hukaa hadi saa 24. Yakishayeyuka baada ya kugandishwa hayarudishwi kwenye friza, na yale aliyoyabakiza baada ya kunywa yamwagwe zikipita saa 2.

Dawa ya mafua ili alale: hapana, mama. Hapa sina nafasi ya katikati. Dawa za aina hiyo zinazoleta usingizi zinaweza kupunguza msukumo wa kupumua, na huyu ni mtoto atakayekuwa ameegemea kwenye kiti kinachobana njia ya hewa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake zito kabisa kwamba promethazini, mojawapo ya dawa hizo zinazoleta usingizi, isipewe mtoto aliye chini ya miaka 2, baada ya watoto kufa kwa kushindwa kupumua. Usingizi wa dawa pia humfanya asiamke kunyonya, na hatakuonyesha dalili ya njaa wala joto. Watoto wengine huruka kinyume, wakawa hawalali kabisa. Mwambie dada yako ulichosoma hapa. Najua alitaka kukusaidia. Na wewe kama huwa unapata kichefuchefu cha safari, usinywe kidonge chochote kabla ya kumuuliza mfamasia na kumwambia kwamba unanyonyesha, kwa sababu vingi ni vya jamii hiyo hiyo.

Kilio kitakuwepo. Nakwambia mapema ili kisikushtue. Ukiwa kando yake, anza na sauti yako, uso wako, mkono wako kifuani mwake. Mpe kidole safi anyonye, kucha ikiwa fupi, upande laini ukiwa juu. Imba kitu kile kile unachomwimbia nyumbani. Vitu vya kuchezea viwe vya kitambaa, kwani cha plastiki ngumu hugeuka jiwe gari likigonga. Angalia kama jua linampiga usoni, kama mkanda umejikunja, kama nepi imejaa. Asiponyamaza baada ya dakika chache, simameni mahali salama panapofuata. Wekeaneni ahadi kabla ya safari, wewe na mumeo: yeyote akisema tusimame, hakuna kubishana. Dereva anayesikiliza mwanawe akilia kwa nusu saa hatazami barabara kwa akili yake yote. Ila mikanda haifunguliwi gari likiwa bado linatembea. Kusikia analia huku umekaa ukiwa umefungwa mkanda ni jambo gumu sana kwa mama. Machozi yakikutoka, yaache yatoke.

Mkifika, mtoe kwenye kiti hata kama amelala fofofo, mlaze chali mahali bapa na pagumu, bila mito. Kisha jiandae kwa usiku. Watoto wengi wanaonyonya kidogo kidogo njiani hulipiza usiku huo, wakataka titi kila saa moja au moja na nusu, wakati mwingine hadi usiku wa pili. Haina maana kwamba maziwa yamepungua. Anarudisha aliyoyakosa, na matiti yako yaliyojaa mchana yatafurahi. Mizigo mingine iache ndani ya gari hadi asubuhi. Mumeo aliyeendesha asipewe zamu ya usiku, na kama kuna mwenyeji, mwombe ambebe mtoto begani kati ya kunyonya na kunyonya ili wewe ulale hata dakika 40. Usinyonyeshe ukiwa umeketi kwenye kochi ukiwa na usingizi huo, ni rahisi kusinzia akateleza kati yako na mto. Kaa kitandani, taa hafifu ikiwaka, na glasi ya maji mahali mkono wako unapofika.